Aliyekuja Kumwomba Asnath

Gasper alikuja kwetu Titye, wilaya ya Kasulu, amevaa viatu vyeupe, mwezi wa tatu, katikati ya masika. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue tunazungumza juu ya mtu wa namna gani. Udongo wetu ni mwekundu, na mvua ikinyesha unang'ang'ania hata kwato za ng'ombe. Mtu mwenye shahada mbili alishindwa kumuuliza dereva wake huko waendako kukoje.

Lakini nianze na mjukuu wangu Asnath, maana yeye ndiye aliyeombwa.

Asnath ni mtoto wa mwanangu wa kwanza, ambaye ni marehemu. Nimemlea mimi. Alisoma mpaka chuo kikuu, akamaliza shahada ya kwanza, akaendelea na ya pili, na hiyo ya pili akaisomea ndege wa pwani, wale wanaotembea kwenye tope bahari inapokupwa. Alikaa pwani ya kusini misimu miwili, kwenye mahema, yeye na wanafunzi wenzake wanne, wakihesabu. Walikuwapo heroe, walikuwapo membe, na kalikuwapo kandege kadogo ka kijivu kanakoitwa kitwitwi, ambako ndiko alikokapenda kuliko wote. Aliniambia kitwitwi anatoka nchi za theluji, na uzito wake haufiki wa yai la kuku, lakini anaruka mpaka kwetu kula vijidudu vya topeni. Akishanenepa anarudi alikotoka. Mimi niliposikia hivyo nilimwonea huruma, nikauliza njiani analala wapi. Asnath akasema, "Bibi, hilo ndilo swali langu. Ndilo ninalolisomea."

Watu wa hapa walicheka, kama mnavyojua watu wanavyocheka kitu ambacho hakiliwi. Jirani yangu Ernesta alimpa jina, Mama Ndege. "Mama Ndege amerudi? Ametuletea mayai?" Ernesta huyohuyo, goti langu lilipovimba, alinichotea maji kila asubuhi mpaka nikasimama. Kwa sababu ya maji yale mdomo wake nimeuvumilia.

Sasa hao watano wa kwenye mahema, nitasema walikoishia, maana Asnath alinisimulia tukiwa jikoni, akicheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake. Mmoja yuko benki, anahesabu noti. Mmoja anauza bima, anawapigia watu simu wakati wa chakula. Wa tatu aliajiriwa kama mtaalamu wa ndege wa majini, wakampeleka mahali pakavu ambapo hata bata wa kufugwa unamwonea huruma. Wa nne ni Asnath, ambaye alikuwa akifundisha baiolojia sekondari moja ya Kibondo, ajira ya muda. Wazazi wakichanga analipwa, wasipochanga anafundisha hivyohivyo.

Wa tano ndiye Gasper, na huyu ndiye aliyefanikiwa. Kule pwani, alisema Asnath, Gasper alikuwa akilala mpaka jua liwe kali, kisha anatoa kichwa hemani na kuuliza, "Leo tumeona wangapi?" Tumeona! Kwa kuona huko akapata shahada sawa na wenzake. Baadaye akafungua kampuni ya ushauri wa mazingira. Kazi ya kampuni hiyo, nilivyoielewa mimi, ni kwamba tajiri akitaka kujenga mahali, Gasper anaenda kupatazama, halafu anasema hapana tatizo. Sijasikia hata mara moja kwamba Gasper amepatazama mahali akaona tatizo. Macho ya namna hiyo yanalipwa vizuri.

Mwaka huo, 2014, Gasper alianza kumpigia Asnath simu. Asnath alipoacha kupokea, akatafuta namba ya mwanangu Dionis, baba mdogo wa Asnath, akampigia yeye. Akamwambia maneno haya, na Dionis aliyarudia kwangu akiwa amesimama mlangoni, hawezi hata kukaa kwa furaha: "Mzee, nataka nije nyumbani tuzungumze juu ya Asnath. Nia yangu ni njema. Jumamosi nitafika mimi na mzee mmoja."

Huko alikotoka Gasper sijui maneno hayo yana maana gani. Hapa yana maana moja tu. Mwanamume akimpigia simu baba wa binti, akasema anakuja kuzungumza juu yake, tena anakuja na mzee, wewe unaanza kuivisha ndizi za pombe.

Dionis akaivisha ndizi. Pombe ikakamuliwa na kufunikwa. Turubai likaazimwa kanisani. Mirija ya matete ikakatwa. Akaenda mwenyewe kumwita mzee Kipriani, ambaye ndiye msemaji wetu katika mambo ya posa, na akamwalika mzee Nkunzimana, aliyeingia kutoka Burundi akiwa kijana na sasa ni raia na mkwe wa nusu ya kijiji. Ernesta, yule wa mayai, alikuja kusugua masufuria yangu bila kuitwa. "Mama Dionis," akaniambia, "mimi siku zote nilisema huyu mtoto ana nyota." Niliangalia pembeni nisije nikacheka usoni pake.

Asnath alifika Ijumaa jioni kutoka Kibondo, matope mpaka magotini, kwa kuwa basi lilikwama wakashuka kulisukuma. Dionis alikuwa amemwambia tu kuna mambo ya ukoo. Alinikuta nachambua maharage, akanisalimia kwa kupiga makofi taratibu na kuinama kama nilivyomfundisha, akaketi. Kisha akaiona mirija ukutani.

"Bibi, hii ya nini?"

"Ya kesho. Kuna mtu anakuja kukuomba."

"Nani huyo?"

"Anaitwa Gasper."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Gasper ana mke! Nilikuwa kwenye harusi yake, nimekula pilau lake!" Halafu kicheko kikakatika ghafla, akavuta ungo akaanza kuchambua na mimi.

"Haji kunioa, Bibi. Anakuja kunitafuta kwa kazi."

Akanieleza. Kuna kampuni inataka kuchimba mabwawa ya kufuga kamba, palepale kwenye tope walipokuwa wakihesabu. Lazima wanakijiji wakutanishwe wasikie kama kuna madhara. Gasper hawamjui, kwa kuwa mtu anayelala hajulikani. Asnath wanamjua. Kuna mama mmoja wa kule, mchokoa chaza, aliyemkuta Asnath ameanguka kwa malaria katikati ya tope. Maji yalikuwa yanajaa. Akamweka mgongoni akatoka naye mpaka nchi kavu, kapu lake la chaza akaliacha likazama. Mama huyo sijawahi kumwona, lakini kila Jumapili namtaja katika sala zangu.

"Sasa wanataka mimi nisimame mbele yao," Asnath akasema. "Niwaambie ndege watahamia kwingine, hakuna kitakachoharibika."

"Ni kweli?"

"Tope likichimbwa hakuna ndege, Bibi. Na hakuna chaza."

"Umemjibu nini?"

Akatupa haragwe bovu. "Sijamjibu. Ananipa ajira ya kudumu. Ofisi Dar. Nitafanya kazi ya ndege, ile niliyoisomea." Akatikisa ungo. "Nimechoka Kibondo, Bibi. Nimechoka kuulizwa mshahara umetoka. Nimechoka kuitwa Mama Ndege na watu ambao hawajui hata ndege anayelala juu ya paa lao. Sijamkataa. Usinitazame hivyo."

"Sikutazami. Natazama maharage."

Tukachambua. Baadaye akasema, "Basi nikamwambie baba mdogo ukweli, aondoe hii aibu."

Hapo ndipo niliposema neno langu moja. "Pombe imeshaiva, mwana wanje, mwanangu. Mwache aje. Anayekuja kuomba mtu atapokewa kama waombaji wanavyopokewa."

Sikumwambia aende wala asiende. Huyu ni mtu mzima, na aliyelala na njaa ya kazi ni yeye, si mimi. Lakini katika ukoo wetu posa haisemwi kwa kunong'ona. Mwombaji anakaa mbele ya watu wote, anaulizwa binti anaenda kuwa nani na kufanya nini huko, na anajibu kwa sauti ili hata walio jikoni wasikie. Kisha binti anaitwa, anapewa mrija. Akikubali ananyonya pombe na kumpa mwombaji mrija naye anyonye. Asipokubali anaulaza mrija juu ya mdomo wa mtungi, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Nikasema moyoni, kama maneno ya Gasper yanaweza kusemwa mbele ya watu, mtoto aende kwa amani. Kama hayawezi, na ayaone yakishindwa kusemwa.

Jumamosi gari lilikuja, kubwa, jeusi, likiwa na kioo kisichoonyesha aliyemo. Dereva ndiye aliyeshuka kwanza, mtu mzima wa makamo, anaitwa Tharsisi; kumbe ndiye yule mzee aliyetajwa kwenye simu. Aliona tope, akang'oa majani ya mgomba akayatandika toka mlango wa gari hadi kwenye turubai. Gasper akashuka juu ya majani yale, akapita bila kuyaangalia, akasema kwa haraka, "Shikamooni, shikamooni," huku kidole kikiwa kwenye simu. Wazee wakaanza makofi ya salamu. Kwetu salamu ina hatua zake. Unapiga makofi polepole, unaulizwa habari za ulikolala, za watoto, za mifugo, unajibu, unauliza nawe. Gasper alinyoosha mkono tu, kama mtu anayeomba tiketi. Tharsisi nyuma yake aliinama, akapiga makofi, akauliza habari za kila mmoja, mpaka mzee Kipriani akageuka kwa Dionis na kunong'ona, "Mshenga mzuri. Bwana harusi mwenyewe ndiye sielewi."

Walikaa. Pombe ikasogezwa. Gasper akatoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akafuta mdomo wa chupa kwa leso. Nilimtazama mtu yule na viatu vyake, ambavyo pamoja na majani yote ya Tharsisi vilikuwa vimeshaanza kuwa rangi ya nyama, na nikasikia dharau, kitu ambacho si desturi yangu kukisikia kwa mgeni.

Kipriani akaanza. "Tumewaona, na tumewapokea. Mmekuja kutafuta nini kwetu?"

Gasper akaangalia huku na huku. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya turubai. "Nilidhani tungekuwa wachache," akasema.

"Wachache hawatoi mtu," Kipriani akamjibu. "Sema, tunasikia."

"Basi, mimi nimemfahamu Asnath miaka mingi. Ni mchapakazi, ni mkweli, anaaminika." Akina mama wakapiga vigelegele. Gasper akashtuka, akaendelea. "Namhitaji. Nimekuja kuwaomba wazazi mumshauri akubali kuja kwangu."

"Kwako wapi?"

"Dar es Salaam."

"Mama yako yuko hai? Atakaa na mama yako?"

"Mama yangu?" Hapo ndipo Gasper alipoitazama mirija, akautazama mtungi, akamwona Ernesta kwenye khanga mpya. Jasho likamtoka. "Samahani, wazee wangu. Mimi nina mke."

Kelele iliyotokea hapo ilisikika mpaka barabarani. "Ana mke!" "Anataka kumfanya mke mdogo!" Ernesta alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa wa kwanza kujua, "Mimi siku zote nilisema gari lile halina adabu." Dionis alikuwa amekaa mdomo wazi, na nilimhurumia, maana ng'ombe wote aliokuwa amewaona kichwani walikuwa wanatoka zizini mmoja mmoja.

"Ni kazi!" Gasper akapaza sauti. "Nimekuja kwa ajili ya kazi! Ajira! Ofisi, mshahara kila mwezi!"

Kelele ikapungua. Dionis akafunga mdomo, kisha akaufungua tena kwa tabasamu. Ng'ombe wakarudi. "Ajira ya kudumu?" akauliza.

"Ya kudumu, mzee."

"Basi si neno baya," Dionis akawaambia watu. "Tumekosea shughuli, hatujakosea mgeni. Tunyweni, tumalize."

Gasper akapumua, akainuka nusu. "Nashukuru. Basi mimi naomba nizungumze na Asnath pembeni, dakika chache tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama. Nikasema, "Mzee Kipriani, nina swali. Huyu ameomba mtu. Aombaye mtu kwa ndoa na aombaye mtu kwa kazi, wote wanamtoa nyumbani kwake. Kwa nini mmoja aulizwe na mwingine aende pembeni?"

Kipriani alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Anapenda sana kazi yake ya kuuliza, na alikuwa amenyang'anywa. "Kaa, bwana. Asnath akija kwako atafanya nini?"

"Mambo ya kitaalamu, mzee. Ni magumu kidogo kuyaeleza hapa."

"Sisi tuna siku nzima."

"Atazungumza na wananchi wa pwani."

"Atawaambia nini?"

Gasper alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayezungumza na watoto. "Kuna mradi wa maendeleo. Kuna ndege fulani pale. Atawaelimisha tu kwamba hao ndege watahamia mahali pengine."

"Mahali gani?" Aliyeuliza hakuwa Kipriani. Ni Asnath, amesimama mlangoni pa jikoni, ungo bado mkononi.

Gasper akafurahi kumwona. "Asnath! Waeleze wazee, wewe unajua lugha yao."

"Wewe ndiye unayeomba. Waambie wewe. Tulikuwa wote kule. Watahamia wapi?"

"Asnath, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Wapi, Gasper? Taja hata pwani moja."

"Kwani mimi najua?" Akawageukia wazee, akainua mabega, akitafuta mcheshi mwenzake kati yao. "Ni ndege, wazee wangu. Wana mabawa!"

Wengine walianza kucheka, Dionis wa kwanza. Mzee Nkunzimana hakucheka. Alikuwa ameinamia mrija wake, akauachia, akasema kwa kile Kirundi chake kilichochanganyika na Kiswahili, taratibu, kama anayejisemea:

"Hata sisi tulikuwa na miguu."

Hakuna mtu wa Kasulu ambaye haelewi neno hilo. Tumewaona waliovuka mpaka kwa miguu yao wakikimbia vita, mara moja na mara ya pili na ya tatu, na watoto mgongoni. Gasper pekee ndiye aliyekuwa akiangalia huku na huku akisubiri mtu amweleze kilichosemwa.

Kipriani akasema, "Mleteni mtoto."

Asnath akaweka ungo chini, akaja, akapiga goti mbele ya mtungi. Mimi niliitazama mikono yake, na nilijua kilichokuwa ndani ya mikono ile: ofisi, na kitwitwi, na Kibondo, na maswali ya mshahara. Kipriani akampa mrija. Akaushika kwa muda mrefu hivi kwamba Dionis alisema, "Kunywa, mwanangu, kunywa," na nikamkanyaga mguu.

Akaulaza juu ya mdomo wa mtungi.

"Asnath," Gasper akasema, "fikiria vizuri. Hutapata tena nafasi kama hii."

"Bwana," Kipriani akamwambia, "kwetu mrija ukishalala hausemeshwi."

Gasper alisimama akaenda kwenye gari akikanyaga tope, majani ya mgomba hakuyatafuta tena. Hakuaga. Tharsisi alibaki nyuma kuaga mmoja mmoja, kwa makofi na hatua zote. Aliponifikia mimi alisema kwa sauti ndogo, "Bibi, nimeendesha wengi. Leo nimeona mmoja akikataliwa." Nikamtilia juisi ya ndizi kwenye kibuyu, ile ambayo haijachacha kwa kuwa anaendesha, akaipokea kwa mikono miwili. Honi ililia kutoka garini, yeye akamaliza kwanza kushukuru.

Dionis hakuzungumza na mimi hadi mavuno. Alikula nyumbani kwangu akiwa amenipa mgongo, na nilimpakulia. Asnath alilia usiku ule, sitasema hakulia. Asubuhi nilimfungia maharage akapanda basi la Kibondo.

Mwaka uliofuata, redio ikiwa jikoni kwangu, nilimsikia mtu akitambulishwa kuwa mtaalamu wa ndege wa pwani. Akasema mradi wa kamba hauna madhara yoyote. Sauti haikuwa ya Gasper. Asnath aliposikia jina alisema ni yule wa bima. Kumbe walimpata wa kusema, na hawakulazimika kwenda mbali. Alikuwa na simu mkononi tayari. Niliizima redio. Betri sinunui kwa ajili ya watu hao.

Asnath bado yuko Kibondo. Serikali ilimwajiri, ajira ya kweli, mwalimu wa baiolojia. Yule mama wa chaza alimpigia simu baada ya mkutano wa kijiji chao juu ya mabwawa, wakazungumza mpaka salio likaisha, kisha mama yule akapiga tena kwa salio lake. Waliyozungumza sikuyauliza. Likizo akija hapa, Ernesta humwita kutoka ng'ambo ya uzio, "Mama Ndege! Umefika?" na Asnath huitika.